Jiko la Safari na Upepo wa Mbuga

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda magharibi hupita Dodoma na Singida, huteremka mlima Sekenke, huukata uwanda wa Wembere, kisha hufika Igunga. Kutoka hapo huendelea hadi Nzega, na hatimaye matawi yake hufika Tabora, Mwanza na mipaka ya Rwanda na Burundi. Madereva wa malori na utingo wao hulala njiani, na wengi wao hujipikia kando ya barabara. Wachungaji, wapimaji wa ardhi na wanafunzi walio katika masomo ya nje hufanya vivyo hivyo. Mara nyingi chombo chao huwa ni jiko dogo la mafuta ya taa.

Kuna jambo ambalo huwashangaza watumiaji wa majiko hayo. Jiko lililochemsha chai upesi chumbani, likiwashwa mbugani hukawia mno, hata mafuta yakaribia kwisha na maji yasichemke. Hapo lawama huelekezwa kwa jiko, au kwa mafuta, au kwa mchuuzi. Aghalabu jiko halina kosa lolote. Kilichobadilika ni hewa inayolizunguka.

Jambo hili si dogo. Mpishi anayepambana na upepo hutafuta mbinu za kuushinda, na baadhi ya mbinu hizo huokoa mafuta, ilhali nyingine huunguza watu. Tofauti baina ya mbinu njema na mbinu ya hatari hueleweka kwa elimu ya joto na kanieneo inayofundishwa katika shule za sekondari.

KUTOKA MAFIGA HADI JIKO LA KUBEBEKA

Kabla ya Reli ya Kati kufika Tabora mwaka 1912, bidhaa za bara zilibebwa na wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi. Njia yao kuu ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, Ugogo na Mgunda Mkali hadi Tabora, kisha ikaelekea Ujiji. Njia hiyo ilipita kusini ya Igunga ya leo. Jioni msafara ulipiga kambi, ukajizungushia boma la miiba, na chakula kikapikwa juu ya mafiga matatu.

Mpagazi hakubeba jiko wala kuni. Mawe na kuni vilipatikana kambini, na moto wa kuni ulikuwa mkubwa kiasi kwamba sehemu yake iliyopotea hewani haikuhesabiwa. Isitoshe, boma na mafiga yenyewe vilipunguza nguvu ya upepo. Hali hubadilika mara msafiri anapolazimika kununua na kubeba mafuta yake mwenyewe. Tangu hapo kila kikombe cha mafuta kina bei, na joto linalopotea ni fedha inayopotea.

Jiko la mafuta ya taa lililoenea kwa wasafiri ulimwenguni lilibuniwa Stockholm, nchini Sweden, mwaka 1892 na fundi Frans Wilhelm Lindqvist. Liliitwa Primus. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba liliunguza mafuta ya taa bila utambi na bila masizi. Majiko ya namna hiyo yalitumiwa na msafara wa Roald Amundsen uliofika Ncha ya Kusini mwaka 1911, na pia na msafara uliofika kilele cha mlima Everest mwaka 1953. Huku Afrika Mashariki yaliingia katika nyumba, mikahawa na kambi, na kwa muda mrefu jina Primus likawa jina la kila jiko la pampu.

AINA TATU ZA MAJIKO

Aina ya kwanza ni jiko la utambi, ambalo Watanzania wengi huliita jiko la mchina. Tambi kadhaa za pamba hutumbukizwa katika tangi la mafuta lililo chini. Mafuta hupanda kwa kuvutwa na nyuzi za utambi, kama vile maji yanavyopanda katika kitambaa kilichochovywa ncha moja. Juu ya tambi kuna mitungi miwili ya bati yenye vitundu vingi, mmoja ndani ya mwingine. Hewa ya moto hupanda kati ya mitungi hiyo na kuvuta hewa mpya kupitia vitunduni. Mvuke wa mafuta ukichanganyika vizuri na hewa hiyo, mwali huwa wa buluu. Jiko hili halina pampu, halipigi kelele, na moto wake hupunguzwa kwa urahisi kwa kushusha tambi. Udhaifu wake ni kwamba uvutaji wa hewa hutegemea kupanda kwa hewa ya moto peke yake, na nguvu hiyo ni ndogo sana.

Aina ya pili ni jiko la pampu la shaba, mtoto wa Primus ya mwaka 1892. Mafuta ya taa huchemka kati ya nyuzi 150 na 300 hivi za sentigredi, kwa hiyo ni lazima kichomeo kipashwe moto kwanza kwa spiriti. Kisha hewa husukumwa kwa pampu ndani ya tangi. Kanieneo cha hewa hiyo husukuma mafuta kupitia mabomba ya kichomeo yaliyokwisha kupata moto, mafuta yanageuka mvuke, na mvuke unatoka kwa kasi katika tundu jembamba sana. Kasi hiyo huvuta hewa ya kando na kuchanganyika nayo kabla ya kuwaka. Sehemu ya joto la mwali hurudi kwenye mabomba na kuendelea kuvukiza mafuta mapya, hivyo spiriti haihitajiki tena. Tundu likizibwa na uchafu, huzibuliwa kwa pini.

Vichomeo vya jiko hili ni vya namna mbili. Kimoja hunguruma: mvuke hugonga kisahani cha chuma na kutawanyika kama ua la moto. Kingine ni kimya: mvuke hupita katika kifuniko chenye vitundu vingi na kufanya miali midogo midogo. Chumbani kile kimya hupendeza zaidi. Nje mambo hugeuka, kwa sababu miali midogo hupeperushwa kwa wepesi, ilhali mwali wa kile kinachonguruma hustahimili upepo kwa nguvu ya mkondo wake.

Aina ya tatu ni jiko jipya lenye tangi la pembeni. Mwaka 1973 kampuni ya Mountain Safety Research ya Seattle, Marekani, ilitoa jiko liitwalo Model 9. Tangi lake lilikuwa chupa ya madini yenye pampu, iliyounganishwa na kichomeo kwa bomba jembamba. Jiko hilo la kwanza lilitengenezwa kwa ajili ya petroli safi, lakini majiko ya ukoo wake yaliyofuata, kama XGK, hutumia pia mafuta ya taa. Kanuni ya mwako ni ileile ya Primus: kupasha moto, kuvukiza, kupuliza kupitia tundu. Kilichokuwa kipya ni mahali pa tangi. Yaweza kudhaniwa kwamba mabadiliko hayo yalikusudiwa kurahisisha kufungasha mzigo tu. Kwa kweli ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote kwa mpishi wa nje, na sababu yake itaonekana baada ya kuuchunguza upepo wenyewe.

UPEPO HUIBA JOTO KWA NJIA TATU

Uwanda wa Wembere na mbuga za Igunga ni nchi tambarare yenye udongo mweusi na miti michache. Wakati wa kiangazi hakuna mengi ya kuuzuia upepo. Asubuhi huweza kuwa shwari, lakini kadiri jua linavyopasha ardhi, hewa ya chini hupanda na hewa ya juu yenye kasi hushuka. Ndiyo sababu upepo wa alasiri huwa na nguvu na huja kwa vishindo, na mara nyingine visulisuli vya vumbi huonekana vikitembea mbugani.

Upepo huo huiba joto kwa njia tatu. Kwanza, huharibu mwako. Katika jiko la utambi, husukuma mwali nje ya mitungi na kuvuruga uvutaji wa hewa. Mwali huwa wa njano, mafuta hayaungui yote, na masizi hutanda chini ya sufuria. Katika jiko la pampu, upepo hupoza kichomeo. Kikipoa mno, mafuta hutoka yakiwa majimaji badala ya mvuke na kuwaka kwa miali mirefu. Hata kazi ya kupasha kwa spiriti huwa ngumu, kwa kuwa mwali dhaifu wa spiriti hulazwa upande na joto lake halifiki kwenye mabomba.

Pili, upepo huchukua gesi za moto kabla hazijagusa kitako cha sufuria. Sehemu kubwa ya joto la jiko hufika sufuriani kwa gesi hizo kupanda, kugusa kitako na kupita ubavuni. Mwali ukilala, gesi hizo huenda kupasha mbuga.

Tatu, upepo huipoza sufuria yenyewe. Katika hewa tulivu, sufuria ya moto hujifunika kwa utando mwembamba wa hewa yenye joto ambao huizuia kupoa upesi. Upepo huuondoa utando huo kila mara na kuleta hewa ya baridi mahali pake. Mtu anayepuliza chai yake hutumia kanuni hiyohiyo.

HESABU YA SUFURIA ISIYOCHEMKA

Mfano wa hesabu utaonyesha uzito wa jambo hili. Ichukuliwe sufuria yenye mfuniko na lita 2 za maji ya nyuzi 25. Igunga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kuinua kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 huhitaji kilojouli 4.2. Kwa hiyo kazi yote inahitaji 2 × 4.2 × 71, yaani kilojouli 596 hivi.

Jiko na lichukuliwe kuwa linatoa wati 1,500. Lita 1 ya mafuta ya taa ina megajouli 35 hivi za nishati, basi jiko hilo linatumia mililita 154 hivi kwa saa. Chumbani, kitako cha sufuria na kipokee wati 670. Sufuria ya kadiri hiyo ina mbavu na mfuniko wenye eneo la karibu sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba, na katika hewa tulivu hupoteza karibu wati 1 kwa kila nyuzi ambayo imeizidi hewa. Maji yanapofika nyuzi 95, hupotea wati 70 tu. Maji yatachemka baada ya dakika 16 hivi, kwa mililita 41 hivi za mafuta.

Sasa sufuria ihamishiwe mbugani, katika upepo unaopeperusha bendera. Mwali umelala, na kitako kinapokea wati 300 badala ya 670. Pia upepo umeongeza upotevu hadi karibu wati 3 kwa kila nyuzi. Hesabu ya mfano huu huonyesha kwamba maji yatachukua karibu saa nzima kuchemka, kwa mililita 150 hivi za mafuta. Chai ni ileile, lakini gharama yake imezidi mara tatu na nusu.

Upepo ukizidi tena, hata kitako kikapokea wati 180 tu, jambo la ajabu hutokea. Maji yakifika nyuzi 85, yameizidi hewa kwa nyuzi 60, na sufuria inapoteza 60 × 3, yaani wati 180. Joto linaloingia limekuwa sawa na linalotoka. Maji yatabaki kwenye nyuzi 85 hata jiko likiwaka usiku kucha. Mpishi atangoja, atapampu, ataongeza mafuta, wala maji hayatachemka kamwe. Hii ndiyo siri ya sufuria ya mbugani.

Takwimu za mfano huu zimechaguliwa ili kurahisisha hesabu. Kila jiko na kila upepo huwa na takwimu zake. Lakini mafunzo mawili hubaki. La kwanza ni kwamba mfuniko si pambo, kwani bila huo mvuke unaotoka huongeza hasara kubwa zaidi. La pili ni kwamba kuongeza ukubwa wa moto si dawa bora. Ni afadhali kuzuia upepo, kwa sababu kinga moja huziba njia zote tatu za wizi kwa wakati mmoja.

KINGA NA HATARI YAKE

Mpishi mwenye busara huanza kwa kuchagua mahali: nyuma ya kichuguu, ukingo wa mtaro, au nyuma ya ukuta. Pasipo na kizuizi, kipande cha bati la debe kilichokunjwa nusu duara hutosha. Kinga isimame upande upepo utokako, ifike karibu na nusu ya kimo cha sufuria, na iachwe wazi upande wa pili ili moshi utoke na hewa mpya iingie.

Hapa ndipo tofauti ya majiko ya zamani na mapya hujitokeza waziwazi. Katika jiko la utambi na jiko la pampu la shaba, tangi liko chini ya moto. Chumbani tangi hilo hupozwa na hewa inayopita. Mpishi akilizungushia jiko zima kinga iliyofungwa, joto la mwali hurudishwa chini na tangi hupata moto.

Katika jiko la pampu matokeo yake ni ya kuogofya. Kanieneo cha hewa iliyofungiwa huongezeka pamoja na joto. Kanieneo kikiongezeka, mafuta husukumwa kwa nguvu zaidi, mwali hukua, tangi huzidi kupata moto, na kanieneo huongezeka tena. Kila hatua huichochea inayofuata. Ndiyo maana kuna kanuni ya zamani ya watumiaji wa majiko haya: tangi lisiloshikika kwa mkono ni tangi la hatari. Skrubu ya hewa ifunguliwe kidogo, mwali upungue, na kinga iondolewe.

Katika jiko la utambi hakuna hewa iliyoshindiliwa, lakini kuna hatari nyingine. Mafuta ya taa yakiwa baridi hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto. Yakizidi nyuzi 38 au zaidi kidogo, mvuke huanza kutosha. Tangi lililopashwa moto ndani ya kinga, pamoja na upepo unaosukuma mwali kuelekea chini, huweza kuuingiza moto ndani ya tangi.

Je, majiko hayo ya zamani hayafai kukingwa? Yanafaa, ila kinga yake iwe ya namna yake. Pete ya bati na ikae juu ya usawa wa tangi, ikizunguka kichomeo na kitako cha sufuria tu, nalo tangi libaki katika upepo. Hivyo upepo uleule ulio adui wa mwali hufanywa mtumishi wa tangi.

Jiko lenye tangi la pembeni halina shida hii, madhali tangi lake limewekwa nje ya kinga. Kichomeo na sufuria huweza kuzungushiwa kinga karibu pande zote. Ubora wake mbugani hautokani na moto mkali kuliko wa Primus. Hutokana na kuweza kukingwa kikamilifu bila tangi kupata moto. Nalo lina kasoro zake: ni ghali, vipuri vyake ni adimu, tundu lake huziba likitumia mafuta machafu, na mengi yake ni magumu kupunguzwa moto kwa ajili ya kupika maharage polepole. Jiko la shaba hutengenezeka na fundi wa kawaida mwenye vipande vya ngozi kwa ajili ya pampu, na jiko la utambi hutengenezeka na mtu yeyote mwenye tambi mpya.

MAFUTA YALIYOCHANGANYWA NA SUMU ISIYOONEKANA

Hatari iliyo kubwa kuliko zote haitoki kwenye upepo. Ni petroli kuingia katika mafuta ya taa, ama kwa uzembe wa kutumia dumu moja kwa mafuta yote mawili, ama kwa udanganyifu. Mvuke wa petroli huweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwenye nyuzi 38, kanieneo cha mvuke wa petroli hufikia karibu nusu ya kanieneo cha hewa au zaidi, wakati kile cha mafuta ya taa ni kidogo mno. Kiasi kidogo cha petroli katika jiko la utambi au la shaba hulifanya tangi kuwa bomu. Dumu la mafuta ya taa liwe na alama yake, lisitumike kwa kitu kingine chochote, na jiko lisijazwe mafuta likiwa linawaka au likiwa na moto.

Madereva wanalo jambo lao la kuzingatia. Kivuli cha lori ni kinga nzuri ya upepo, na ni rahisi kushawishika kuwasha jiko karibu na matairi. Lakini hapo pana tangi la dizeli, na huenda pana shehena inayoshika moto. Jiko na liwashwe mbali na gari, tena mbali zaidi ikiwa gari limebeba mafuta.

Wala jiko lisiingizwe ndani ya kibanda cha dereva au hema kwa kukimbia upepo. Mwako usiopata hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu na kuizuia isichukue oksijeni. Mtu aliyelala hawezi kuitambua.

JARIBIO LA SHULENI

Shule yenye mizani, kipimajoto na saa yaweza kuyapima mambo haya. Mwalimu asimamie kila hatua, ndoo ya mchanga iwe karibu, na mafuta yatoke katika chombo kinachoaminika.

1. Yachaguliwe majiko mawili au matatu ya aina mbalimbali. Sufuria, mfuniko na kiasi cha maji, gramu 1,000, viwe vilevile kwa kila jaribio.

2. Jiko lipimwe uzito pamoja na mafuta yake kabla na baada ya jaribio. Tofauti ndiyo mafuta yaliyotumika. Jiko la pampu lipimwe baada ya kupoa.

3. Maji yapashwe kutoka joto la awali hadi nyuzi 90. Yasingojwe kuchemka, kwa kuwa mvuke unaopotea huvuruga hesabu.

4. Kila jiko lijaribiwe katika hali tatu: mahali tulivu penye hewa ya kutosha, uwanjani bila kinga, na uwanjani pamoja na kinga. Majiko ya tangi la chini yatumie pete ya juu ya tangi peke yake.

5. Nguvu ya upepo ikadiriwe kwa macho. Majani yakitikisika kidogo, kasi ni kilometa 6 hadi 11 kwa saa. Bendera nyepesi ikinyooka, ni 12 hadi 19. Vumbi na karatasi zikiinuka, ni 20 hadi 28.

6. Kila jaribio lirudiwe mara tatu, na zamu za majiko zibadilishwe, ili jiko moja lisipewe upepo wa asubuhi na jingine upepo wa alasiri.

Ufanisi hupatikana kwa kugawanya joto lililoingia majini kwa nishati iliyokuwamo katika mafuta. Gramu 1 ya mafuta ya taa ina jouli 43,000 hivi. Kwa mfano, gramu 1,000 za maji zikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 90, zimepokea 1,000 × 4.2 × 65, yaani jouli 273,000. Ikiwa zimetumika gramu 16 za mafuta, nishati yake ni jouli 688,000, na ufanisi ni asilimia 40 hivi. Ikiwa nje zimetumika gramu 35, ufanisi umeshuka hadi asilimia 18.

Wanafunzi watazame hasa mpangilio wa majiko katika kila hali. Je, jiko lililoongoza mahali tulivu ndilo lililoongoza uwanjani? Je, kinga iliyasaidia yote kwa kadiri moja? Majibu yatawafunza kwamba chombo hakipimwi peke yake. Hupimwa pamoja na mahali kitakapotumika.

JIKO LIPI LICHUKULIWE?

Mafuta ya taa hayana nafasi yaliyokuwa nayo zamani. Mwaka 2011 serikali iliongeza ushuru wake ili kuzuia yasichanganywe na dizeli, na bei ikapanda. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri matumizi yake majumbani yasihimizwe, kwa sababu ya moshi wake na ajali za moto. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Hata hivyo elimu ya upepo haitapitwa na wakati pamoja na mafuta ya taa. Jiko la gesi lililokaa juu ya mtungi wake hutii kanuni zilezile: mwali wake hulazwa na upepo, na mtungi wake hauvumilii kufungiwa ndani ya kinga.

Anayepika mahali palipokingwa, naye anahitaji moto wa polepole, atatosheka na jiko la utambi. Anayehitaji moto mkali na fundi wa karibu atafaidiwa na jiko la shaba, hasa lenye kichomeo kinachonguruma, pamoja na pete yake ya bati. Anayekwenda mbali kwa mafuta machache, tena akiweza gharama, atapata faida katika jiko lenye tangi la pembeni. Lakini jiko la bei ndogo lililokingwa vizuri hulishinda jiko la bei kubwa lililoachwa wazi. Kabla ya kuwasha, mpishi wa mbugani aulize maswali mawili: upepo unatoka wapi, na tangi liko wapi? Akiisha kuyajibu, ndipo apige kiberiti.